Mkamwana Nje ya Dirisha

Alhamisi ile Stumai alifika Mpuguso akiwa na tope hadi magotini na hasira hadi kooni.

Tope lilikuwa jambo la kawaida. Mvua ya Rungwe hainyeshi ikaisha, hupumzika tu. Hasira ndiyo iliyokuwa mpya. Jana yake asubuhi Ezron alimpigia simu kumwambia asije, barabara imekatika kule kwenye mashamba ya chai, hata bodaboda hazipiti. Stumai alimwamini, akashinda ofisini akipanga mafaili. Leo ameipita barabara hiyohiyo, nzima toka mwanzo hadi mwisho. Alipomwuliza dereva ni wapi palipokatika, dereva alicheka.

"Sista, mbona jana nimepita hapa mara nne?"

Kwa hiyo mwanamume aliyemwomba wafunge ndoa alikuwa amemdanganya, na ombi lenyewe lilikuwa na siku nne tu.

Stumai alikuwa muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaowafuata nyumbani wagonjwa ambao hospitali haiwezi tena kuwaponya lakini haijawaacha. Mzee Lazaro Mwakifuna, baba yake Ezron, alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kuingia mifupani. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa miezi mitano, Stumai alipanda bodaboda kutoka chumba chake cha kupanga Ibighi, akaja kumpa mzee dawa, kumwosha kidonda cha nyonga na kutaniana naye. Stumai alimjua Ezron kwanza kwa mgongo, maana kila muuguzi alipoingia yeye alitoka, akaenda kwenye kitalu chake cha miparachichi. Baadaye akaanza kumsindikiza hadi barabarani. Baadaye tena, kusindikizana huko kwa njia ya dakika kumi kukawa kunachukua saa nzima.

Jumapili, katikati ya miche, alimwomba amwoe. Stumai alikubali haraka kuliko inavyompasa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye diploma yake. Walipatana wanyamaze hadi mama yake Stumai, kule Muheza, aambiwe kwanza.

"Hodi!"

Shangazi Tusekile, dada wa Mzee Lazaro, alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Siku zote alimpokea sanduku la dawa. Leo alisimama katikati ya mlango akaujaza.

"Karibu jikoni, mama. Chai ipo."

"Ndaga, asante, shangazi. Chai baadaye. Mzee Lazaro ameamkaje?"

"Ee! Usilitaje!" Mwiko ulipaa juu. "Jina hilo halitoki tena kinywani mwako."

"Jina la mgonjwa wangu?"

"Twende jikoni, gwe, nikueleze."

Mlio ukatoka chumbani. Haukuwa wa kukohoa wala wa kuita mtu. Stumai aliijua milio ya mzee yule kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe, na huu ulikuwa mlio wa mtu aliyekwisha kuuma shuka.

"Amekunywa dawa saa ngapi?"

"Jana mchana. Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini, shangazi?"

"Chupa ilikuwa imebaki chini, nikasema nimgawie isiishe. Halafu dawa kali namna ile, mtu akizidishiwa..."

"Tulishasema. Dawa haimwui. Kinachomwua ni kuikosa. Hebu nipishe."

Hakungoja kupishwa. Aliinama chini ya mkono wa shangazi, akavuka sebule kwa hatua nne, akashika komeo la mlango wa chumba. "Mzee, ni mimi," alisema kwa ile sauti yake ya kazini.

Kitanda kililia. Kisha akasikia blanketi likivutwa kwa nguvu, mwili ukijiviringisha upande ambao haukupaswa kuulalia, na mzee akipiga yowe kama mtu aliyechomwa kisu. "Tusekile! Asiingie! Asiingie!"

Stumai aliliachia komeo kana kwamba lilikuwa la moto.

Miezi mitano alikuwa amekigusa kila kiungo cha mzee yule, na hakuwahi kumwumiza namna hiyo. Leo amemwumiza akiwa nje ya mlango.

"Nimemkosea nini?" aliuliza walipofika jikoni.

Shangazi Tusekile alimkalisha kwenye kigoda, akammiminia chai ambayo hakuigusa. "Hujamkosea. Ezron amemwambia. Juzi jioni, Jumanne. Kamwambia wewe ndiye mke atakayemwoa."

"Tulipatana anyamaze!"

"Hakunyamaza. Sasa wewe ni mkamwana. Kwetu sisi Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe. Kutila, ndivyo tunavyoita. Haingii alimo, hamtazami, hasemi naye, jina lake halitaji. Wasichana wa siku hizi wanalegeza, lakini kaka yangu si wa siku hizi."

"Shangazi, mimi nimemwosha mtu huyu! Nimemwekea mpira wa mkojo!"

"Ulikuwa nesi."

"Na kidonda nani amekiosha tangu Jumatatu?"

Shangazi alitazama moto. Dada hamvui nguo kaka yake, hilo hata Stumai alilijua. Akasimama, akatoa kwenye sanduku chupa mpya ya mofini na bomba la plastiki lisilo na sindano.

"Vuta hadi mstari huu hapa, shangazi. Huu, si wa chini yake. Mmiminie shavuni taratibu. Baada ya nusu saa ndipo itakapomshika. Sasa namtaka Ezron. Yuko wapi huyo Ezron?"

Alijua alipo.

Ezron alikuwa chini ya neti ya kivuli, ameinamia mche, kisu kidogo mkono mmoja, kikonyo mkono mwingine. Alikuwa anabebesha, kazi ya kuunganisha kikonyo cha parachichi la kuuzwa na shina la parachichi la kienyeji, na hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wake toka Mpuguso hadi Isongole. Alipomwona, uso wake ulifunguka kabla hajakumbuka kuwa ana kosa. Hicho ndicho kilichomwudhi Stumai zaidi. Moyo wake nao ulifunguka, bila kumwomba ruhusa.

"Barabara imetengenezwa haraka," alisema.

Ezron aliweka kisu chini. "Stumai..."

"Jana imekatika, leo haina hata kovu. Mkoa wetu una mafundi!"

"Ningekwambiaje? Njoo, lakini baba hataki kukuona? Nilitaka nipate siku moja nimbembeleze."

"Siku moja! Unajua kwamba chupa ya dawa ilikuwa inakwisha?"

Ezron aliokota kikonyo kilichomdondoka, akakifuta udongo.

"Unaijua hata hiyo chupa inavyofanana? Umeingia mara ngapi mle chumbani, ukavuka kizingiti, ukafika kitandani? Mtu anakaa na kidonda siku tatu, mwanawe yuko hapa anafunga miti bandeji!"

"Alicheka," Ezron alisema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Nilipomwambia. Alisema anaondoka na haoni atakayenipikia. Likanitoka tu. Nikamwambia, tata, ni Stumai. Alicheka, Stumai. Tangu Pasaka sijamsikia akicheka. Akaniuliza kama nimekuroga." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Halafu akavuta blanketi hadi shingoni, akasema, basi yule asiingie tena humu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nimekaa Mbeya mjini miaka kumi. Nilidhani mambo hayo yamekwisha."

Mvua ilianza tena juu ya neti, nyembamba. Walisimama hatua mbili mmoja toka kwa mwenzake, na hatua hizo mbili Stumai alizisikia mwilini. Siku nne zilizopita hazikuwapo. Alitamani kumshika mashavu yale yenye vumbi la udongo, na alitamani kumzaba kofi, na mikono yote miwili ilikuwa inamwasha. Lakini mapenzi hayaoshi kidonda.

"Nenda ukamwambie tumeachana," alisema.

"Unasema nini?"

"Mwambie mama yangu amekataa. Mwambie nina mtu Tanga. Mwambie lolote. Nirudi kuwa nesi, niingie, nifanye kazi yangu."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Halafu tutaona akishakufa. Si ndivyo?" Macho ya Ezron yalijaa. "Nimdanganye mtu anayekufa?"

"Umenidanganya mimi mzima!"

Ezron alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kukariri uso. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza kuielekea nyumba. Stumai alimwona akienda, na kila hatua yake ilimwondolea kitu: Jumapili ile, zile saa za barabarani, mtoto ambaye alikuwa ameshampa jina kimyakimya. Alitaka kumwita. Akauma ulimi. Mzee hakuwa na siku za kungoja moyo wake utulie.

Ezron hakufika mlangoni. Shangazi Tusekile alikuwa amesimama pembeni ya jiko, bomba tupu mkononi, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Unakwenda kumwambia nini baba yako?"

"Kwamba hakuna ndoa, shangazi."

"Mwongo wewe. Na wewe pia," alimwambia Stumai aliyekuwa amewafuata. "Mnadhani kaka yangu amekufungia mlango kwa sababu hakutaki? Angekuwa hakutaki, angekuita uingie! Angesema, njoo sista, endelea na kazi, wewe si mtu wangu. Ndiyo maana anaumwa kimya. Anaogopa ukiingia itakuwa amekukataa."

Shangazi alinyoosha bomba kuelekea chumbani.

"Huyu alizaa watoto watano. Wanne wametangulia kaburini bila hata mmoja kuoa. Wenzake wote kijijini wakipita, wake wa wana wao wanaruka vichakani, wanajificha migombani. Yeye hajawahi kukimbiwa na mtu. Jumanne usiku kaniambia, Tusekile, na mimi sasa nina wa kunikimbia. Anaumwa kwa fahari, gwe. Mtamnyang'anya hilo?"

Mvua ilikuwa imekolea. Ezron alimtazama Stumai, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuwa na la kujitetea usoni.

Stumai aliikunja mikono ya koti lake la kazi, akakumbuka kuwa si yeye atakayefanya kazi, akaikunjua.

"Sawa. Sitaingia. Ataoshwa na mwanawe."

"Mimi?" Ezron alirudi nyuma hatua moja. "Stumai, sijawahi hata kumwona baba bila shati."

"Leo utamwona. Kanawe mikono."

Dirisha la chumba lilikuwa la mbao, linatazama migomba. Shangazi Tusekile alilifungua upana wa kiganja, akatundika kanga juu yake, akamsimamisha Stumai chini yake, mgongo ukutani, uso migombani. Yeye akasimama kando kama refa. Nusu saa ya dawa ilikuwa imepita. Ndani mlango ulifunguka, ukafungwa.

"Umenawa?" Stumai aliuliza kwa sauti.

"Nimenawa."

"Hadi viwiko?"

"Hadi viwiko, sista."

"Usiniite sista!"

"Ezron." Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, imechoka, lakini dawa ilikuwa imeilegeza. "Mwambie mkeo mimi si mche. Asikuachie ukanifunga nailoni ya kubebeshea."

Kicheko kilimpanda Stumai puani. Alifungua mdomo amjibu mzee kama ilivyokuwa desturi yao. Kidole cha shangazi kikasimama mbele ya macho yake.

"Humjibu. Sema na mumeo."

"Si mume wangu bado."

"Basi sema na huyo bado."

"Ezron! Mgeuze kwa ubavu wa kushoto. Usimvute mkono, kamata kitenge alicholalia, vuta kitenge, mwili utakifuata." Kitanda kililia, mzee akaguna. "Weka mto katikati ya magoti. Sasa bandeji. Usiivute ikiwa kavu, utamchuna. Iloweshe kwanza kwa yale maji ya chumvi."

"Mwambie mkeo maji ni ya moto," alisema mzee.

"Yapoze kidogo!"

"Mwambie sasa ni mazuri."

Kisha hakusikia tena maji wala kitambaa. Maji ya mvua yalitiririka kutoka kwenye bati, yakamwingia Stumai shingoni. Vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi hewani, vinakunja, vinafuta, vinamimina. Muuguzi asiye na kazi ya mikono ni kiumbe cha kuhurumiwa.

"Ezron? Niambie unachokiona."

"Sijui ninachokiona." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Rangi."

"Nyekundu. Katikati njano. Pembeni panaanza weusi."

"Ukubwa?"

"Kama kiganja changu."

Jumatatu kilikuwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Stumai alifumba macho. Siku tatu tu! Bega lake lilianza kugeuka lenyewe kuelekea dirishani. Mkono wa shangazi ukatua juu yake, mzito kama chungu, ukalirudisha.

"Stumai." Ezron alikuwa analia sasa, waziwazi. "Stumai, siwezi. Njoo wewe. Njoo tu."

Safari hii mzee hakupiga yowe la kumzuia. Stumai alielewa kwamba mzee naye alikuwa akingoja. Mlango haukuwa na ufunguo. Hatua kumi na mbili, na kila kitu kingerudi kama zamani, kidonda kingeoshwa vizuri, na yeye angekuwa tena si mtu wa nyumba ile.

"Siji," alisema. Ilimtoka kama jino. "Mkono unaounganisha vikonyo vyembamba kama njiti za kiberiti utaweza. Anza katikati, uje nje. Polepole."

"Ule ni mti! Huyu ni baba yangu, namwonea aibu!"

"Aibu!" Mzee aliguna, na mguno huu ulikuwa wa dharau. "Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka miwili. Ukaharisha wiki nzima, umejipaka hadi masikioni. Nani alikuosha? Niliita nesi? Osha, mtoto, nina baridi."

Shangazi Tusekile alicheka hadi akajishikilia ukutani. Stumai alicheka pia, machozi na mvua vikichanganyika, akaziba mdomo kwa viganja ili baba mkwe asimsikie. Ndani, katikati ya kikohozi, akasikia Ezron naye akicheka kwa kwikwi. Halafu akasikia kile alichokuwa anakisubiri: kitambaa kikichovywa, kikikamuliwa, kikichovywa tena.

Ilichukua muda mrefu mara tatu ya ule ambao angeutumia yeye. Alimwelekeza kunyunyiza vidonge vilivyosagwa vya kuondoa harufu, kupachika bandeji isibane, kumwaga mfuko wa mkojo. Aliuliza maswali, akarudia maswali. Mara mbili alidhani amekosea, mara mbili Ezron alikuwa ameshafanya kabla ya kuambiwa. Mwishoni kitanda kililia kwa upole, na mzee akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo mlima ukiwa umekwisha.

"Ezron. Huyo aliyeko nje, ana mwavuli?"

"Hana, tata."

"Bodaboda haina paa. Chukua lile koti langu pale msumarini. Mimi siendi tena kuchuma chai."

Shangazi Tusekile alilitazama dirisha, kisha akamtazama Stumai, akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeshuhudia ndoa kanisani.

Ezron alitoka akizunguka nyumba, mikono inanuka sabuni, macho mekundu, koti jeusi la mpira begani. Alionekana ameongezeka miaka mitano, na haikumharibu. Alimvisha Stumai bila kumgusa, maana shangazi alikuwa pale, lakini vidole vyake vilichelewa kwenye kola.

"Bado utakubali?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Sijui. Bado nina hasira." Hakumwondolea macho. "Mgeuze kila baada ya saa mbili. Leo utamgeuza wewe, si shangazi. Kesho saa mbili asubuhi maji yawe yamechemka. Nitasimama palepale."

"Na barabara ikikatika?"

"Ikikatika nitatembea. Lakini ukiikata tena kwa mdomo wako, mimi utanionea kwenye picha, niko Muheza."

"Sitaikata."

"Na leo jioni nampigia mama. Mimi mwenyewe. Wewe umeshasema vya kutosha."

Koti lilikuwa refu, mikono ikamfika vidoleni, na lilinuka tumbaku na majani ya chai. Mvua ililigonga mabegani isiweze kuingia. Alishika sanduku lake, akageuka kuondoka, na hapo kanga ya dirishani ikatikisika.

"Ezron," sauti ya mzee iliita. "Ameshaondoka?"

"Bado, tata."

"Mwambie lina kishikizo cha ndani, pale kooni. Bila hicho maji yanapita."

Ezron alifungua mdomo apeleke ujumbe. Stumai alikuwa ameshakifunga.